Usukani uliokaa upande baada ya kubadilisha vipuri: kuuvua, kuzungusha tairodi, kupima kwa nyuzi au kwenda kwenye mashine?

Gari lililobadilishwa raki (fimbo yenye meno inayosogezwa na usukani), tairodi endi (jointi ya mwisho wa tairodi, fimbo inayounganisha raki na gurudumu) au shafti ya usukani mara nyingi hurudi barabarani likiwa na kasoro moja ambayo dereva huiona mara tu njia inaponyooka: gari linakwenda mbele vizuri, lakini usukani umeinama kushoto au kulia. Zipo njia nne zinazotumiwa sana kuirekebisha kasoro hiyo. Ya kwanza ni kuuvua usukani na kuurudisha kwenye meno ya mhimili, yaani nguzo inayoushikilia, ukiwa umenyooka. Ya pili ni kuzungusha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi kilicho sawa mpaka usukani ukae sawa. Ya tatu ni kupima matairi kwa nyuzi zilizonyooshwa ubavuni mwa gari na kurekebisha tairodi kwa kufuata vipimo hivyo. Ya nne ni kulipeleka gari kwenye mashine ya alaimenti, inayopima pembe za magurudumu. Watu huzilinganisha kwa gharama na muda, ilhali tofauti yake kubwa ni kwamba kila moja inarekebisha sehemu nyingine ya mfumo, na njia iliyo sahihi kwa gari moja huweza kuficha ubovu katika gari la pili.

Tujue kwanza kosa liko wapi

Katika gari lenye raki, mwendo wa mikono ya dereva unateremka kutoka usukanini hadi kwenye mhimili, kisha kwenye shafti fupi yenye jointi, kisha unaingia katika pinioni, gia ndogo inayosogeza raki kushoto au kulia, na raki nayo husukuma na kuvuta tairodi mbili zilizoshikana na magurudumu. Gari linapokwenda moja kwa moja, vitu vitatu vinapaswa kukubaliana: usukani uwe umenyooka, raki iwe katikati ya mwendo wake, na matairi yaelekee mbele. Makubaliano ya usukani na raki hushikiliwa na meno ya usukani pamoja na jointi za shafti, na makubaliano ya raki na matairi hushikiliwa na urefu wa tairodi. Kwa hiyo usukani ukiinama, kosa kwa kawaida liko ama juu ya raki ama chini yake.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Gari likiwa limeinuliwa mbele na kuwekwa juu ya stendi imara (kamwe si juu ya jeki peke yake), bandika kipande cha utepe juu kabisa ya usukani ukiwa umenyooka, uzungushe polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Magari mengi madogo huzunguka takriban mara 3 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Rudi nusu ya hesabu hiyo, na hapo raki itakuwa katikati. Ikiwa utepe umerudi juu kabisa, usukani na raki vinakubaliana, na kosa liko chini, kwenye tairodi. Ikiwa utepe umelala upande, kosa liko juu, kwenye shafti au kwenye usukani wenyewe. Kipimo hiki huweza kudanganya katika magari ambayo vizuizi vya mwisho vimewekwa kwenye mkono wa gurudumu (kipande ambacho tairodi hukisukuma ili gurudumu ligeuke) badala ya ndani ya raki, kwa sababu huko urefu wa tairodi nao unaingia katika hesabu.

Ni muhimu pia kutochanganya usukani ulioinama na gari linalovuta. Gari ambalo linashika njia yake lenyewe huku usukani umelala lina tatizo la mpangilio tunaouzungumzia hapa. Gari ambalo linakwenda upande usukani unapoachiwa kidogo lina uwezekano mkubwa wa kuwa na upepo usiolingana katika matairi, breki inayong'ang'ania, au mkono wa chini (unaoshikilia gurudumu kwenye bodi) uliopinda, na hakuna kuzungusha tairodi kutakakoponya mambo hayo. Barabara zenyewe hujengwa zikiwa na mteremko mdogo kuelekea kando ili maji yatiririke, na gari lililo zima huweza kuhitaji mkono mwepesi kulishikilia, kwa hiyo jaribio la haki hufanywa mahali palipo tambarare.

Kuuvua usukani

Njia hii inavutia kwa sababu matokeo yake yanaonekana mara moja, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Inafaa katika hali moja tu: pale ambapo usukani ulivuliwa wakati wa kazi na ukarudishwa ukiwa umeruka jino. Kama haukuguswa, haukuhama, na kuuhamisha sasa ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza ili macho yaridhike.

Meno yenyewe yana mpaka wake. Usukani wenye meno 36, kwa mfano, huhama kwa digrii 10 kwa kila jino, kwa hiyo ulioinama kwa digrii 4 hauwezi kunyooshwa hapo hata fundi afanye nini. Magari mengi, tena, yana jino moja pana au pengo ambalo huruhusu usukani kuingia kwa namna moja tu. Ukikutana na mhimili wa aina hiyo, gari lenyewe limekwisha kukuambia kwamba kosa liko kwingine.

Yanayofuata baada ya kuuhamisha bila sababu huonekana polepole. Mizunguko ya kushoto na ya kulia haitakuwa sawa. Indiketa itajizima mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili. Katika magari yenye boksi la gia la usukani badala ya raki, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa boksi hilo hutengenezwa ili meno yake yabanane zaidi pale katikati, mahali linapofanyia kazi muda mrefu; likiendeshwa likiwa nje ya kitovu, usukani huwa na ulegevu katika mwendo wa moja kwa moja, na dereva huanza kutafuta kipuri kibovu ambacho hakipo.

Kisha kuna mfuko wa hewa. Chini ya usukani hukaa kasha lenye utepe wa nyaya uliozungushwa, unaopeleka umeme kwenye mfuko huo na kwenye honi, na utepe huo una mizunguko michache tu kila upande kutoka katikati yake. Ukirudishwa nje ya kitovu, hukatika siku dereva anapokata kona mpaka mwisho, taa ya mfuko wa hewa ikawaka na honi ikanyamaza. Anayelazimika kuuvua usukani atoe waya wa betri, asubiri muda ulioandikwa katika kitabu cha gari, aache matairi yakiwa yamenyooka, na aweke alama ya rangi kwenye mhimili na usukani kabla ya kulegeza nati. Asiyekuwa na kitabu hicho asianze kazi hiyo.

Kuzungusha tairodi pande zote mbili kwa usawa

Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi, na ina mantiki nzuri. Tairodi ya kushoto ikifupishwa na ya kulia ikarefushwa kwa kiasi kile kile, matairi yote mawili hugeuka pamoja kuelekea upande mmoja, na uhusiano kati yao haubadiliki. Uhusiano huo, yaani kiasi ambacho ncha za mbele za matairi mawili zinaelekea ndani au nje, nitauita mwelekeano, kwa kuwa jambo zima linauzunguka.

Hesabu yake si ngumu. Chukua raki inayosogea milimita 48 kwa mzunguko mmoja wa usukani. Usukani ulioinama digrii 15 umepotea kwa sehemu moja ya 24 ya mzunguko, yaani milimita 2 za raki. Hesi ya tairodi ikiwa na hatua ya milimita 1.5, yaani ikisogea kiasi hicho kwa kila mzunguko, kila tairodi itahitaji mzunguko mmoja na theluthi moja, upande mmoja kwa kurefusha na wa pili kwa kufupisha. Uelekeo unategemea mahali raki ilipo. Ikiwa raki na mikono ya magurudumu iko nyuma ya mstari wa ekseli, na usukani umeinamia kushoto gari linapokwenda moja kwa moja, fupisha ya kushoto na urefushe ya kulia. Ikiwa iko mbele ya ekseli, fanya kinyume. Zungusha nusu ya hesabu kwanza, jaribu gari, kisha malizia.

Udhaifu wa njia hii umo katika sharti ambalo watu hulisahau: inadhani kwamba mwelekeano ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Baada ya kubadilisha tairodi endi, sharti hilo mara nyingi halipo. Tuseme imebadilishwa endi ya kushoto peke yake, na ingawa fundi alihesabu mizunguko wakati wa kutoa ile ya zamani, mpya ilikuwa na umbo tofauti kidogo, ikaacha tairodi ikiwa ndefu kwa milimita 2. Gari likitembea, matairi mawili hugawana kosa hilo, kila moja nusu, ili gari liende mbele. Raki hupotea kwa milimita 1, na usukani wa mfano wetu huinama kwa digrii 7 au 8 tu, kiasi ambacho wengi hukivumilia. Lakini matairi yenyewe, mkono wa gurudumu ukiwa na urefu wa milimita 130, yametofautiana kwa karibu digrii 0.9, wakati vipimo vya watengenezaji wa magari madogo kwa kawaida haviendi mbali na sehemu chache za kumi za digrii. Matairi hayo yanajisugua kila kilomita.

Sasa angalia kila tiba inafanya nini kwa gari hilo. Ukizungusha tairodi zote mbili kwa usawa, usukani utanyooka, na digrii 0.9 zitabaki pale pale. Ukiuvua usukani, zitabaki vile vile. Ukifupisha tairodi ya kushoto peke yake kwa milimita 2, usukani utanyooka na mwelekeano utarudi kwa wakati mmoja, kwa sababu kosa limeondolewa mahali lilipoingilia. Usukani ulioinama ndiyo dalili pekee ambayo dereva wa gari hilo aliipata bila kuinama kuangalia matairi, na ninasisitiza jambo hili kwa kuwa tiba mbili zinazofahamika zaidi huiondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Kwa hiyo njia ya pande mbili inafaa pale ambapo mwelekeano umepimwa na kuonekana mzuri, na kilichobaki ni usukani tu. Hali hiyo hutokea sana kwa gari lililotoka kwenye mashine ambako usukani haukufungwa ukiwa umenyooka. Magari yenye ekseli nzima ya mbele yana unafuu wake: katika mipangilio mingi ya aina hiyo, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani hurekebishwa peke yake na kunyoosha usukani, huku fimbo inayounganisha magurudumu mawili ikiachwa bila kuguswa.

Nyuzi ubavuni mwa gari

Anayetaka kujua mwelekeano bila mashine anaweza kunyoosha uzi kila upande wa gari, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu, sambamba na mstari wa gari, kisha akapima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa rimu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwelekeo wa tairi hilo. Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 400, digrii 0.1 ni milimita 0.7, kwa hiyo mtu mwenye rula nzuri na subira anaweza kukaribia sana kipimo cha mtengenezaji. Subira ndiyo neno. Upana kati ya magurudumu ya mbele na ule wa nyuma mara nyingi haulingani, kwa hiyo uzi hupangwa kwa kupima kutoka katikati ya kila gurudumu, na anayeupanga kwa kuugusisha kwenye matairi ya nyuma atapata majibu mabaya yanayoonekana mazuri.

Gari lililotoka kwenye jeki halipimwi papo hapo, kwani matairi hubaki yamejikunja ndani au nje na springi hazijatulia. Lisukumwe mbele na nyuma mita chache na kubonyezwa kila kona kabla ya kupima. Karatasi mbili za plastiki zenye grisi katikati, zikiwekwa chini ya kila tairi la mbele, humwezesha tairi kugeuka bila kung'ang'ania sakafu wakati tairodi inapozungushwa. Usukani ufungwe ukiwa umenyooka, na kila upande urekebishwe kivyake mpaka ufikie nusu ya mwelekeano unaotakiwa. Ukifanya hivyo, kunyooka kwa usukani huja pamoja na mwelekeano, bila kuhitaji hatua nyingine.

Nikilinganisha njia hii na ile ya kuzungusha tairodi bila vipimo, naichagua nyuzi kila mara kwa gari lililobadilishwa tairodi endi, hata kama baadaye litapelekwa kwenye mashine. Inachukua saa kadhaa, lakini inalifanya gari liwe salama kuendeshwa hadi huko bila kula matairi. Kinachoishinda ni pembe nyingine: kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, kwenda mbele au nyuma) haiwezi kupimwa kwa uzi, na kemba (mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje kwa juu) hupimwa kwa shida.

Mashine ya alaimenti

Mashine ya magurudumu manne ina jambo moja ambalo njia nyingine zote hazina: inauona mstari ambao magurudumu ya nyuma yanausukumia gari. Ekseli ya nyuma ikiwa imekaa mshazari kidogo, gari hutembea kama kaa, na dereva hulazimika kuinamisha usukani ili aende mbele. Hapo hakuna kosa lolote kwenye vipuri vipya vya mbele, na mtu anaweza kuzungusha tairodi wiki nzima. Ndiyo maana mpangilio sahihi wa kazi huanza nyuma, ukaja kwenye kemba na kasta za mbele pale zinaporekebishika, na kumalizia na mwelekeano wa mbele, kwa sababu kila pembe ya awali ikiguswa huuhamisha.

Hata hivyo mashine haimzidi anayeitumia. Kabla ya kurekebisha tairodi, usukani unapaswa kunyooshwa na kufungwa kwa kishikizo, injini ikiwa inanguruma wakati wa kuunyoosha katika magari yenye usaidizi wa haidroliki ili vali isiache msukumo upande mmoja. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na uangalie namba za kila tairi peke yake, si jumla tu. Jumla inaweza kuwa ya kijani, yaani ndani ya kipimo, huku matairi yote mawili yakielekea kushoto, na usukani ukaendelea kuinama. Mashine pia haitambui raki iliyofungwa nje ya kitovu. Itarekebisha tairodi mpaka kila kitu kionekane sawa, na gari litaondoka likikata kona vizuri upande mmoja kuliko wa pili.

Kuchagua kwa kufuata kipuri kilichobadilishwa

Ikiwa ni tairodi endi au tairodi, usiuguse usukani hata kidogo: pima kwa nyuzi au nenda kwenye mashine, na uanze na upande uliobadilishwa. Ikiwa ni mkono wa chini, bushi zake (mipira ya kwenye maungio) zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha mashine, kwa kuwa kemba na kasta zimeguswa.

Raki mpya ndiyo inayohitaji mawazo zaidi. Hapa makosa mawili huweza kuingia kwa siku moja, moja kwenye jointi ya shafti na jingine kwenye tairodi, na yakichanganyika huwa magumu kuyatenganisha. Raki inapaswa kuwekwa katikati ikiwa bado iko mezani, na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti usizunguke wakati shafti imeachana, kwa sababu mzunguko huo wa bure ndio unaokata utepe wa nyaya. Kama kazi imekwisha fanyika na hesabu ya mizunguko inaonyesha kwamba kitovu cha raki na usukani havikutani, kosa lirekebishwe kwenye jointi ya shafti kwa kurudisha jino lililorukwa, na baada ya hapo tu ndipo gari liende kwenye mashine. Kufuata mpangilio wa kinyume ni kulipia alaimenti mara mbili.

Gari lenye mfumo wa kudhibiti uthabiti, unaotumia breki kuzuia gari lisiteleze, lina hatua moja zaidi, iwe umechagua njia gani. Sensa ya pembe ya usukani huiambia kompyuta dereva anataka kwenda wapi, na ikisoma digrii kadhaa huku gari likienda mbele, mfumo unaweza kuwasha taa ya tahadhari au kuingilia breki bila sababu. Magari mapya mepesi yaliyouzwa Marekani kuanzia Septemba 2011, na magari mapya katika Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014, yanatakiwa kuwa na mfumo huo, kwa hiyo gari la miaka ya karibuni lichukuliwe kuwa nao mpaka ithibitike vinginevyo. Baadhi hujirekebisha zenyewe baada ya mwendo mfupi. Mengine huhitaji skana ili sifuri mpya iandikwe. Sifuri hiyo iandikwe mwisho, baada ya tairodi kukazwa, kwani kuiandika huku usukani bado umeinama ni kuifundisha kompyuta kosa lile lile.

Kabla ya kuliachia gari barabarani, kagua nati za kufungia tairodi zimekazwa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, mipira ya kufunika raki haikujisokota pamoja na tairodi, na endi zimekaa wima bila kulalia upande mmoja wa bakuli zake. Kisha tafuta barabara tambarare, endesha pande zote mbili za kwenda na kurudi, na utazame utepe ule ule uliobandika juu ya usukani mwanzoni mwa kazi.